Baiskeli ya Kike ya Mdoli

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia vitabu, na mara moja moja kanda ya taarabu au mchezo wa kuigiza. Safari hii tumeona tuweke vitabu pembeni, tukizungumzie kitu kilichotua mezani kwetu bila sisi kukitafuta: baiskeli ndogo ya mtindo wa kizamani, iliyotengenezwa ili mdoli apande. Aliileta ukumbini mwanajumuiya mwenzetu wa hapa Leicester ambaye hukusanya midoli, akaitoa pamoja na mdoli mmoja iwe zawadi katika bahati nasibu ya kuchangia darasa la Kiswahili la Jumamosi. Ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alitabasamu. Isipokuwa bibi mmoja aliyekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu zake. Yeye aliipindua, akaitazama nyuma, akauliza, "Na keria yake iko wapi?"

Tulicheka sote. Droo ilikuwa imebakiza wiki moja, nasi tukaomba tukae na baiskeli ile tuisome kama tunavyosoma kitabu, kwa sababu swali la bibi lilikuwa halijajibiwa.

Tuanze na sifa zake, maana zipo. Fremu ni ya chuma, imepakwa rangi ya kijani iliyokoza, ile ambayo wengi wetu tunaijua kutoka kwenye Raleigh za wazee wetu. Magurudumu yanazunguka bila kuyumba. Spoku ni nyembamba na zimenyooka. Usukani unakata kushoto na kulia, stendi inakunjuka na kushika. Kiti cha ngozi ya bandia kina springi mbili chini yake, ndogo kama za kalamu, na ukikibonyeza kwa kidole kinarudi. Mbele kuna kikapu kilichosukwa kwa mkono, ndani yake maua ya kitambaa. Aliyeibuni aliwahi kuitazama baiskeli ya kweli kwa muda mrefu, hilo hatuna shaka nalo.

Ila aliitazama kutoka upande mmoja tu. Pedeli zimegandishwa, ukisukuma baiskeli mbele, magurudumu yanaenda na pedeli zinabaki pale pale. Kifuniko cha cheni kipo, kimechorwa mstari wa dhahabu, lakini ndani hamna cheni. Fito mbili za breki zinashuka kutoka kwenye usukani kwa madaha kabisa, halafu zinaishia hewani. Kila kinachoonekana na jicho ni sahihi, na karibu kila kinachotafutwa na mkono hakipo. Hiki ni kitu kilichotengenezwa kipigwe picha.

Hapo yafaa tumseme na mdoli mwenyewe, kwa faida ya wasiomjua. Anaitwa Blythe. Alitengenezwa kwanza mwaka 1972 na kampuni ya Kenner ya Marekani. Kichwa chake ni kikubwa kupita kiasi, na nyuma yake unaning'inia uzi. Ukiuvuta, macho yanabadilika rangi: kijani, waridi, buluu, chungwa. Watoto wa wakati ule hawakumpenda, wengine macho yale yaliwatisha, na baada ya mwaka mmoja tu kampuni ikaacha kumtengeneza. Mwaka 2000 Gina Garan wa New York akatoa kitabu cha picha za mdoli huyo, Wajapani wakamtumia katika matangazo ya biashara, na mwaka 2001 kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya. Tangu hapo amekuwa mdoli wa watu wazima zaidi kuliko wa watoto. Wanamshonea nguo, wanamnunulia viatu, miwani, mabegi, na ndipo zikaja baiskeli. Kwa hiyo tunaye mdoli aliyekataliwa na watoto akaokotwa na wakubwa, na sasa amepandishwa baiskeli ya enzi ambayo yeye mwenyewe hakuiwahi.

Tulimpandisha. Urefu wake ni kama sentimita 28, na vifaa vya midoli ya kimo hicho kwa kawaida hufuata kipimo cha moja kwa sita. Baiskeli ya mtu mzima yenye tairi za inchi 28, gurudumu lake lina kipenyo cha karibu sentimita 71. Kwa mdoli lingepaswa kuwa karibu 12. La hii ni 9. Umbo ni la baiskeli ya mtu mzima, kimo ni cha baiskeli ya mtoto, na magoti ya Blythe yanapanda juu kama ya baba aliyeazima baiskeli ya mwanawe. Ukimwachia, kichwa kinamvuta mbele na vyote viwili vinaanguka. Wanaompiga picha humshikilia kwa waya mwembamba usioonekana, alitueleza mwenye kumtoa, tena kwa fahari.

Lakini kilichotukera zaidi ni kutu. Kwenye kingo za madigadi na chini ya fremu, fundi amepaka rangi ya kahawia kwa brashi kavu, iige kutu. Tuliambiwa kwamba zipo zisizo na kutu na zenye kutu, na zenye kutu huuzwa ghali zaidi. Jamani! Kwetu kutu ilikuwa aibu ya mwenye baiskeli. Nani hakumbuki jioni ya siku ya mapumziko, baiskeli imepinduliwa kwenye ua, magurudumu juu, baba ameshika kitambaa na mafuta ya taa kidogo kwenye kikopo, anasugua rimu moja baada ya nyingine, na sisi watoto tukigombania kuzungusha pedeli? Ile baiskeli ilikuwa na umri wa miaka ishirini na ilikuwa inatakiwa ionekane mpya. Hii ina umri wa miezi michache na inatakiwa ionekane ya miaka ishirini.

Hatusemi kwamba kuiga uzee ni kosa. Jukwaani pia mwigizaji hupakwa unga kichwani akawa na mvi, na hatumlaumu. Ila mwigizaji hodari akishapakwa unga hutembea kizee, hukohoa kizee, hukaa kitini kwa uzito wa miaka ile. Baiskeli hii imepakwa mvi na ikasimama wima kama kijana. Kutu imewekwa mahali pazuri kwa picha, siyo mahali kutu inapoanzia, yaani chini ya kengele, kwenye vichwa vya spoku, kwenye mshono wa rimu ambako maji hukaa. Hamna alama ya kiatu kwenye pedeli, wala mikwaruzo pembeni ambako baiskeli huegemezwa ukutani kila siku.

Na sasa tufike kwenye fremu, ambako ndiko kuna habari yenyewe.

Baiskeli hii ni ile tunayoiita baiskeli ya kike. Bomba la juu halikunyooka kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, limeshushwa chini. Juu ya gurudumu la nyuma mdoli amewekewa kinga iliyochorwa mistari kama wavu. Cheni, hata kama haipo, imefunikwa. Mtu akiviona vyote hivyo leo anaviona ni mapambo ya kupendeza. Vilipobuniwa havikuwa mapambo. Baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, yenye cheni, iliuzwa na John Kemp Starley wa Coventry kuanzia mwaka 1885, si mbali na hapa tulipo. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la upepo kule Belfast, barabara ikalainika, na katika miaka ya 1890 wanawake wa nchi hii wakaanza kuendesha kwa wingi. Sketi zao zilikuwa zinaburura chini. Bomba likashushwa sketi ipite, wavu ukafungwa sketi isinaswe na spoku, cheni ikafunikwa sketi isichafuke. Baiskeli nzima ilikatwa upya ili nguo ya mwanamke isibadilike.

Wengine hawakutaka kungoja baiskeli ibadilike, wakabadilisha nguo, wakavaa suruali pana zilizofungwa magotini. Hao ndio waliopata misukosuko. Mwaka 1898 Lady Harberton, mke wa mtu mwenye cheo kikubwa, alifika na baiskeli yake kwenye hoteli moja kule Ockham, Surrey, akakataliwa kuingia sebule ya wateja wa heshima kwa sababu ya suruali zile. Kesi ikafika mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa.

Lakini kama mnatafuta mdoli maarufu kuliko wote aliyewahi kupandishwa baiskeli, mtafuteni Cambridge. Tarehe 21 Mei 1897 wenye haki ya kupiga kura katika chuo kile walikutana kuamua kama wanawake waliofaulu mitihani wapewe shahada zao. Vijana wa kiume walitengeneza sanamu ya mwanamke, wakaivisha suruali zile za magotini, wakaipandisha baiskeli, wakaining'iniza juu ya barabara mkabala na jengo la kura. Picha yake ipo hadi leo: umati wa kofia chini, na mwanamke wa matambara juu ya vichwa vyao, miguu kwenye pedeli. Wanawake walishindwa kura ile kwa mbali. Vijana wakaishusha sanamu, wakaikatakata, wakaipeleka hadi lango la Newnham, chuo cha wanawake. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948.

Sasa shikeni tena baiskeli ya kijani na kikapu chake cha maua. Muundaji amenakili bomba, amenakili wavu, amenakili kifuniko, na ugomvi wote uliozaa vitu hivyo ameufuta kama vumbi. Hapa ndipo tunapoona kasoro yake kubwa kama kazi ya sanaa. Pedeli tungeisamehe.

Isidhaniwe tunawacheka Waingereza peke yao. Sisi tuliolelewa mwambao, baiskeli ya kike tuliiona sana, na aliyeipanda sana alikuwa ni mwanamume. Maalim wetu alikuwa nayo. Kanzu haipendi bomba la juu kama sketi isivyolipenda, na yeye alikuwa akishika pindo kidogo tu, anaingiza mguu, huyo anaondoka, kofia haijatikisika. Mtaa mzima uliiita baiskeli ya kike na hakuna aliyeona la kuchekesha. Mabinti zake watatu walikwenda chuoni kwa miguu, na jua lile. Chombo kilichochongwa kwa ajili ya mwanamke kilifika kwetu kikiwa na jina lake na bila ruhusa yake. Bara, katika sehemu nyingi, mambo yalikuwa mengine, na tunajua wasomaji wa Shinyanga na Tabora watatuandikia kutukumbusha kwamba mama zao waliendesha. Karibuni muandike.

Wenzetu mlioko Ghuba mtakuwa mmeiona filamu ya Wadjda ya mwaka 2012, ya Haifaa al-Mansour, juu ya msichana wa Riyadh anayeitamani baiskeli ya kijani dukani. Mwongozaji ilimbidi akae ndani ya gari na kuwaelekeza wenzake kwa redio ya mkononi walipopiga picha barabarani, asionekane akiwaamrisha wanaume hadharani. Mwaka 2013 Saudia iliruhusu wanawake kuendesha baiskeli kwenye bustani na sehemu za matembezi, wakiwa na abaya na jamaa wa kiume pembeni. Filamu ile nayo inaonyesha baiskeli nzuri yenye rangi ya kijani, lakini baiskeli yake ina bei, ina duka, ina mama anayesema hapana, na ina barabara mbele yake. Ndiyo tofauti tunayoizungumzia.

Turudi kwenye keria. Kwa kweli bibi wa Tanga aliona kwa sekunde moja tulichohitaji sisi wiki nzima kukiona. Raleigh hizi zilitengenezwa Nottingham, mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka kwetu. Kiwanda kikafungwa mwaka 2002, na sehemu ya uwanja wake wanafunzi wa chuo kikuu wanasoma leo. Kutoka hapo zilisafirishwa dunia nzima, kwetu pia. Enzi za ukoloni lilikuwepo bango la kuzitangaza Afrika: Mwafrika anakanyaga pedeli anacheka, na nyuma yake simba anamfukuza. Mchora bango naye hakuona mzigo. Mtu wa kwetu aliyekuwa na Raleigh hakuinunua akimbie simba. Aliinunua kwa ajili ya keria, na dukani keria ndiyo iliyojaribiwa kwanza kwa mikono miwili. Gunia la mkaa, madumu ya maji, mkungu wa ndizi, kreti ya soda, mtoto wa darasa la kwanza, mgonjwa. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliweka mto juu ya keria wakavusha abiria kutoka forodha moja hadi nyingine, na jina la boda boda likazaliwa hapo. Bila keria pasingekuwa na jina hilo.

Baiskeli ya mdoli ina kikapu mbele. Kikapu hubeba maua, mkate mmoja, na kitabu ukipenda. Ni baiskeli ya mtu anayekwenda matembezi. Kila kizazi kina haki ya kutamani zamani, lakini zamani inayotamaniwa hapa ni ya mtu ambaye hakuna aliyemngoja na mzigo.

Tulimwendea bibi tumweleze haya. Alitusikiliza kwa subira, kisha akasema jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria.

"Mimi baiskeli sijaiendesha hata siku moja, mwanangu. Lakini kwenye keria nimekaa miaka. Nakaa upande, hivi, mkono mmoja nashika kiti cha babu yenu."

Kumbe alipoipindua baiskeli alikuwa anatafuta mahali pake. Na hapo ikatubidi tukubali jambo moja kwa faida ya mtengenezaji: kwenye baiskeli hii mdoli hana keria kwa sababu si abiria. Yeye ndiye mwenye usukani. Kwa upande huo kijidude hiki chenye kutu ya uongo kimempa mdoli kitu ambacho bibi hakupewa.

Tungeishia hapo, laiti droo isingekwenda ilivyokwenda. Tikiti iliyoshinda ilikuwa ya familia yenye watoto watatu, wavulana wawili na binti wa miaka tisa. Wavulana huja darasani Jumamosi kwa baiskeli zao na kuziegemeza kwenye uzio. Binti huja na gari la baba. Akapokea zawadi kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyofundishwa, kisha akamgeukia bibi wa Tanga, aliyekuwa ameketi karibu.

"Bibi, huyu anajua baiskeli, mimi sijui."

Baba yake, rafiki yetu wa miaka mingi, alicheka akasema atapanda akikua. Tunampenda ndugu yetu huyu, na tunajua hofu yake. Magari ya barabara ile yanakwenda mbio. Lakini wavulana wanapita barabara hiyo hiyo. Na sote tunajua yapo na maneno mengine, ambayo husemwa kwa sauti ya chini wanawake wakiwa wametoka, kwamba kiti cha baiskeli si mahali pa binti. Sasa hana umri, na akikua ataambiwa amekua. Wapo kati yetu walioona si kazi ya jarida kuingilia malezi ya mtu. Tumelifikiria hilo, na tumeona kwamba tukikaa kimya baada ya kuandika kurasa juu ya Cambridge ya mwaka 1897 tutakuwa tumefanya kile kile tulichomlaumu mtengenezaji.

Wiki mbili baadaye binti alirudi na baiskeli ya mdoli kutuonyesha. Kikapu alikuwa amekiondoa, kimemwaga maua njiani. Nyuma alikuwa amefunga keria ya vijiti vya aiskrimu kwa mipira ya kufungia nywele, na juu ya keria amekaa mdoli mwingine, mweusi, aliyekuwa naye tangu zamani, amekaa upande, mkono mmoja kwenye kiti. Mwenye kuitoa zawadi alishika kichwa: thamani yote kwa wakusanyaji imekwisha. Lakini kwa uzito wa abiria yule nyuma, Blythe hakuanguka tena mbele. Tulijaribu mara tatu. Anasimama bila waya.

Pedeli bado zimegandishwa. Mwenye kuitoa alituambia aliinunua kwa pauni 28. Kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi wetu, wiki hiyo hiyo, palibandikwa karatasi ya mtu anayeuza baiskeli kuukuu ya mtoto: tairi za inchi 20, ya kike, breki nzima, kengele inalia, haina keria, pauni 25.